Ngano Zina Wenyewe: Mwaka Wangu wa Kutamba Hadithi Kando ya Ziwa

Kwa miaka 12 nimefundisha Kiswahili katika shule ya upili mjini Kisumu, na kila mwaka tunapofika mada ya fasihi simulizi huandika ubaoni sifa za mtambaji bora: awe na sauti inayosikika, aijue hadhira yake, atumie viungo vya mwili, aimbe panapohitaji wimbo. Wanafunzi huyanakili hayo, huyakariri na huyajibu vizuri katika mtihani. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kusimama mbele ya watu wasiolazimika kunisikiliza, mahali pasipo kuta wala kengele, nikawatambia hadithi. Nilipofanya hivyo hatimaye, nilifanya kwa pupa, nikapoteza shilingi 38,000 za mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, nikawaudhi watu niliokusudia kuwaenzi, na nikagundua kwamba ile orodha ya ubaoni imeacha mambo mengi. Nayaandika haya kwa sababu katika miezi michache iliyopita watu watatu wameniuliza namna ya kuandaa utambaji wa nje, na kila mmoja wao alikuwa karibu kuanzia pale pale nilipoanzia mimi.

Wazo lenyewe lilizaliwa darasani. Nilikuwa nikieleza tofauti kati ya hurafa (ngano za wanyama), kisasili na mighani (visa vya mashujaa), nikatoa mfano wa Simbi Nyaima, lile ziwa la kreta lililo karibu na Kendu Bay, ambalo husemekana lilikuwa kijiji kilichozama kwa sababu wakazi wake walimfukuza bibi kizee aliyewajia akiwa na njaa. Nikasema hicho ni kisasili, kwa kuwa kinaeleza asili ya ziwa. Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Karachuonyo, eneo lenye ziwa hilo, aliinua mkono akasema kwamba kwao jambo hilo si hadithi. Wenzake walicheka, nami nikaendelea na somo. Laiti ningemwuliza anamaanisha nini, ningejiokoa na mengi.

Nilichokichukua kutoka kwenye kipindi kile ni jambo jingine kabisa: kwamba sisi wakazi wa upande huu tumezungukwa na masimulizi ambayo yana anwani. Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Bondo, kabla ya kumaliza kilomita 30, utayaona mawe makubwa ya Kit Mikayi yamepandana kando ya njia. Upande wa Kano kuna jiwe linaloaminiwa kuwa ni Luanda Magere, shujaa aliyekuwa na mwili wa jiwe na ambaye hakuuawa mpaka mkewe, binti wa maadui, alipogundua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Nyandiwa, kule Gwassi, huonyeshwa mahali ambapo Nyamgondho, mwana wa Ombare, alisimama ameegemea fimbo yake akiwatazama ng'ombe wake wakirudi ziwani nyuma ya mkewe aliyetoka humo, ambaye Nyamgondho alikuwa amemtukana kwa ulevi. Na anayekwenda Kakamega hulipita lile jiwe la Ilesi linalolia, ambalo wenyeji huliita Ikhongamurwi. Nikawaza: kwa nini tunazisimulia habari hizi kwenye kumbi zenye viti vya plastiki, ilhali mahali zilipotokea pako palepale?

Tulikuwa watu watano: walimu wawili, mpigaji wa nyatiti, kile kinubi cha Waluo, mpigaji wa ngoma, na binamu yangu aliyeshika daftari la hesabu kwa sababu ndiye pekee miongoni mwetu anayeweza kulisoma bila kufumba macho. Mtaji ulikuwa mkopo wa shilingi 40,000 kutoka kwa chama chetu cha akina mama, ambao nilieleza kwamba ni wa biashara. Kwa kiasi fulani nilisema kweli.

Tuliamua kuanzia Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, kwa kuwa ni karibu na mjini na watu tayari huenda huko jioni kula samaki na kutazama jua likizama. Tulikodi spika, jenereta na viti 60, tukatangaza kwamba kiingilio ni bure. Walikuja watu 31. Nimejifunza tangu siku hiyo kwamba anayelipa shilingi 100 mapema kwa simu hufika, na anayealikwa bure huahidi tu. Lakini siku ile kiti kilichobaki kitupu kilikuwa shida ndogo kuliko zote.

Shida ya kwanza ilikuwa jua. Mtambaji alisimama akilipa ziwa mgongo, hadhira ikamwelekea, na kwa hiyo watu 31 wakakaa saa 11 jioni wakitazama jua la magharibi moja kwa moja, wamekunja nyuso na kuinua viganja juu ya macho. Tukawaomba wageuze viti. Sasa jua likawa mgongoni mwao, nami nikawa ninaelekea ziwani, na papo hapo nikapoteza sauti. Mchana kutwa nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwa huja kuijaza nafasi hiyo; kufikia alasiri upepo huo huwa umeshika kasi na huvuma kuelekea bara. Nilipokuwa na mgongo ziwani, upepo ulikuwa ukiibeba sauti yangu mpaka kwa hadhira. Nilipogeuka, ulinirudishia maneno kinywani ukayapeleka nyuma yangu, kwa wauzaji wa samaki, ambao walisikia hadithi nzima bila kuiomba. Maikrofoni haikusaidia, maana ilinasa mvumo wa upepo kuliko sauti ya mtu. Mpigaji wa ngoma alivua soksi yake, akakivika kichwa cha maikrofoni, na mambo yakawa afadhali kidogo, ingawa sitaieleza harufu yake.

Dawa ya tatizo hilo ni rahisi na haina gharama. Siku hizi huiketisha hadhira ubavu kwa ziwa, chini ya miti ikiwezekana, ili upepo upite kutoka bega moja hadi jingine na jua liwe pembeni. Na kabla ya kutangaza tarehe yoyote, huenda mahali hapo siku ileile ya juma na saa ileile, nikasimama nitakaposimama na kusema kwa sauti ya kawaida, huku mwenzangu akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka asiponisikia. Mahali pengi huwa ni hatua 20 hadi 25. Hapo ndipo safu ya mwisho inapopaswa kuishia, na kwa hesabu hiyo watu 50 katika nusu duara la safu tatu hawahitaji spika wala jenereta. Jenereta lenyewe, kusema kweli, ni adui wa hadithi: huwezi kumfanya mtu aamini kimya cha usiku wa kale huku likinguruma mita kumi kutoka sikioni mwake.

Shida ya pili ilikuja na giza. Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, na jua huzama mwaka mzima kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro dakika chache, kisha giza huingia bila kukawia. Tuliwasha taa mbili kubwa. Ndani ya dakika kumi vijidudu vya ziwani, vile ambavyo mchana huonekana kwa mbali vikipanda kutoka majini kama moshi, vilikuwa vimejaa kwenye mwanga, kwenye nywele, kwenye chai na kinywani mwa mtambaji. Haviumi, lakini hakuna anayeweza kuimba huku akivitema. Tulipokuwa tunahangaika navyo, mzee mmoja wa ufuoni alikuja akatuambia kwa upole kwamba tumeketisha watu kwenye njia ya viboko, ambao hutoka majini usiku kwenda kula majani, na kwamba kiboko akikuta mtu amesimama kati yake na maji huwa hasemi naye. Hadithi yetu haikufika mwisho. Tulikusanya viti kwa mwanga wa simu.

Nyanya yangu, aliyenilea Kendu Bay na kututambia hadithi jikoni baada ya sala ya Isha, angecheka sana. Yeye hakukubali kamwe kutamba mchana. Alituambia kwamba mtoto anayesikiliza sigana, yaani ngano, jua likiwaka hakui, atabaki mfupi kama kigoda, na siku zote tuliamini kwamba jirani yetu mmoja mfupi alikuwa amekosea mahali fulani. Kanuni hiyo ilinipa taabu ya kweli. Usiku ndio wakati wa hadithi, lakini usiku wa mahali pa wazi una viboko, vijidudu, wezi wa simu na akina mama wanaotakiwa nyumbani.

Kisha kuna serikali. Tulipokwenda kutoa taarifa katika kituo kimoja cha polisi, afisa aliyekuwa zamu alitufungulia Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ambayo humtaka anayeitisha mkutano wa hadhara atoe taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya tarehe, na ambayo hutaja saa za mkutano kuwa kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Sheria hiyohiyo huitenga mikutano ya kitamaduni na burudani, lakini sikulijua hilo siku ile, na hata ningelijua, nisingependa kubishana nalo kaunta ya polisi siku ya Ijumaa jioni. Ushauri wangu ni kuandika barua fupi hata kama hulazimiki, ueleze kwamba ni utambaji wa ngano, uitaje idadi ya watu, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na nakala nyingine umpelekee chifu wa eneo. Karatasi hiyo imenisaidia mara mbili. Ukitumia vipaza sauti, ulizia kibali cha kelele katika ofisi za kaunti. Ukiviacha nyumbani, umeokoa kibali, kodi ya spika na jenereta kwa mkupuo mmoja.

Baada ya Dunga tulipaswa kutulia. Badala yake, wiki tano baadaye, tulipeleka watu 27 Kit Mikayi.

Nitasema waziwazi kwamba kosa la Kit Mikayi lilikuwa langu peke yangu. Sikwenda kupatazama kwanza. Nilikuwa nimepafika mara moja nikiwa mwanafunzi, nilikuwa na picha nzuri kwenye simu, na nilidhani vitu hivyo viwili vinatosha. Nilichagua Jumapili kwa kuwa ndiyo siku watu wa mjini huwa na nafasi, na sikujiuliza ni nani mwingine huwa na nafasi Jumapili. Tuliposhuka kwenye matatu mbili tulizokodi kwa shilingi 14,000, tulikuta waumini waliovaa kanzu wakiwa katika maombi miongoni mwa mawe, baadhi yao wakiwa wamefunga kwa siku kadhaa, kama ambavyo watu wa Legio Maria na makanisa mengine wamekuwa wakifanya hapo tangu zamani. Nasi tulikuwa na ngoma.

Jina lenyewe la mahali hapo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee Ngeso alilipenda jiwe hilo kiasi cha kushinda pangoni humo kutwa, mkewe akimpelekea chakula, na watu walipomwuliza mama huyo mumewe yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Wengine huyasoma mawe yenyewe kama boma la mitala, wakakuonyesha lipi ni la mikayi, lipi la nyachira, mke wa pili, na lipi la reru, mke wa tatu. Mnamo 2019 UNESCO iliziingiza mila zinazohusiana na mahali hapo katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Yote hayo niliyajua, na niliyaandika vizuri kwenye tangazo. Nisichokijua ni kwamba pana akina mama wenyeji ambao kazi yao ya kila siku ni kuwapokea wageni na kuwaeleza habari hizo, kwa maneno na kwa nyimbo, na kwamba riziki yao inatokana na kazi hiyo. Mama mmoja alinisikiliza nikijieleza mpaka mwisho, kisha akaniuliza bila hasira yoyote, "Sasa mwalimu, wewe ukishawaambia wageni hadithi ya hapa kwetu, mimi nitawaambia nini?"

Sikuwa na jibu. Tuliweka ngoma ndani ya matatu, tukalipa kiingilio cha kila mtu, tukamwomba mama huyo na wenzake wawili wawasimulie wageni wetu, na tukawalipa kwa pesa zilizokuwa za chakula cha mchana. Wageni walilalamika, kwa haki, kwamba waliahidiwa chakula na nyatiti. Niliwarudishia nusu ya nauli. Binamu yangu aliandika hasara ya siku hiyo kwa kalamu nyekundu, akanisukumia daftari bila kusema neno.

Jambo moja zuri lilitoka hapo: nilisikia kazi ikifanywa na mtu anayeijua. Yule mama hakuigiza lolote. Alipofika mahali ambapo Ngeso anaingia pangoni, hakusema "aliingia pangoni". Alinyamaza, akaingia ndani hatua mbili, akatoka. Wageni 27 waliinamisha vichwa kuangalia giza alikotoka. Mimi ningeweka hapo wimbo na mbwembwe nyingi za mikono.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikuwa nimeelimika, lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuwa bado liko mbele. Kwa Simbi nilijiona mwenyeji. Nimekulia Kendu Bay, ninasema Dholuo, lugha ya Waluo, nyanya yangu alikuwa wa Karachuonyo, na hadithi ya ziwa hilo niliisikia kabla ya kujua kusoma. Safari hii nilifanya mengi inavyostahili: nilikwenda mara mbili kupima mahali, nikamwona chifu na mzee wa kijiji, nikaiepuka miezi ya Machi hadi Mei ambayo mvua zake za alasiri huweza kukuharibia siku nzima, nikapanga maji ya kunywa na choo. Choo, niruhusuni nikazie, ndicho kitu cha kwanza ambacho waandaaji wa kiume husahau, na ndicho kinachoamua kama akina mama watarudi.

Niliigawa hadithi katika vituo vinne kwenye ukingo wa ziwa. Kituo cha kwanza kilikuwa karamu ya pombe na ngoma, cha pili mlango wa yule mwanamke pekee aliyemkaribisha bibi kizee, cha tatu njia aliyotorokea na watoto wake baada ya kuonywa, na cha nne ukingo wenyewe, juu ya maji yale ya kijani yenye magadi, ambayo kina chake hupita mita 20. Hadhira ilitembea pamoja nami kutoka kituo hadi kituo. Wageni kutoka Kisumu walikuwa 24, na wenyeji waliokuja bila malipo walikuwa wengi kuliko hao. Kwenye kituo cha kwanza nilianza kwa "Paukwa!", na waliojibu "Pakawa!" walikuwa wanafunzi wangu wanne tu, wenyeji walinitazama kama watu wanaosubiri mgeni amalize salamu za kwao. Nilipobadilisha nikaita "Hadithi! Hadithi!", wote waliitikia "Hadithi njoo!", na tukaenda vizuri.

Kisha akaja bibi kizee. Nilikuwa nimekunja leso nikaifunga mgongoni kuwa kibyongo, nimejipaka majivu usoni, na nilimpa sauti ya puani, ya kutetemeka, ambayo darasani huwavunja wanafunzi mbavu. Wageni wa mjini walicheka sana. Niliposikia kicheko hicho nilikikoleza: nikapiga chafya, nikajikwaa, nikajifuta pua kwa ncha ya leso. Ilichukua muda kabla sijatambua kwamba kicheko chote kilikuwa kinatoka upande mmoja.

Tuliposogea kituo cha pili, wazee hawakuja nasi. Nilidhani ni kwa sababu ya njia, ambayo kweli ina mawe na miiba, na hilo nalo lilikuwa kosa la kupanga: niliwaacha nyuma watu wenye miaka sabini na themanini, ambao ndio walioijua hadithi, nikaondoka na wale wasioijua. Nilipomaliza na kurudi, niliwakuta wamekaa palepale chini ya mti. Bibi mmoja mwenye fimbo aliniita kwa kidole. Nilipiga magoti mbele yake, kibyongo changu kikiwa bado mgongoni.

"Nyara," aliniambia, yaani binti yangu, "mgongo huo umeutoa wapi?"

"Dani," nilimjibu, yaani nyanya, "ni wa mchezo tu."

"Sisi hatujui kama alikuwa na kibyongo. Tunajua alikuwa na njaa."

Aliifungua leso kwa mikono yake, taratibu, fundo lilikuwa gumu, akaikunja mara nne na kunipa. Kisha akaniuliza kwa nini sikuwataja watoto wa yule mwanamke aliyeokoka. Nilimjibu kwamba niliwataja, kwamba nilisema alitoroka na watoto wake. Akasema hapana, kuwataja ni kuwataja. Watoto walikwenda mahali, wakaoa na kuolewa, wakazaa, na yeye mwenyewe anahesabu ukoo wake kutoka kwa mmoja wao. Nilipomwuliza, kwa aibu na pia kwa shauku ya mwalimu, iwapo si mwiko kuitamba sigana hiyo mchana, alinitazama kana kwamba nimeuliza kama ni mwiko kutaja jina la baba yangu mchana. Akasema sigana ni za sungura na fisi, za kuwalaza watoto. Hii haikuwa sigana. Hii ilikuwa habari ya watu wao, na habari ya watu haina saa.

Nilirudi Kisumu usiku huo nikimkumbuka yule mwanafunzi wangu aliyeinua mkono.

Kwa miezi minne baada ya hapo sikuandaa kitu chochote. Sehemu fulani ilikuwa ni kukosa pesa, kwa maana deni la chama lilikuwa halijalipwa na mweka hazina alikuwa ameanza kunisalimia kwa urefu usio wa kawaida. Lakini mara moja kila mwezi nilipanda matatu kupitia Ahero na Katito, nikashuka Kendu Bay, nikachukua bodaboda mpaka kwa Dani nikiwa na sukari, majani ya chai na mkate. Safari moja iligharimu kiasi cha shilingi 1,200 pamoja na vitu hivyo, na hakuna matumizi mengine ya mwaka ule ninayoyajutia kidogo kuliko hayo. Sikumhoji. Nilikaa, tukachambua omena, wale dagaa wa ziwani, akasema alichotaka kusema. Mara mbili hakusema lolote kuhusu ziwa.

Safari ya tatu wajukuu wake walitaka kujua ni nani atakayefaidika. Ni swali halali, na sheria inaliunga mkono: tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na msingi wake ni kwamba jamii yenye mali hiyo iridhie kwanza, ikiwa inajua inaridhia nini. Tuliandika karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Dholuo. Ilisema kwamba thuluthi ya kiingilio itabaki kijijini, kwamba Dani au mtu atakayemteua ndiye atakayeamua nani asimulie, kwamba hakuna atakayerekodi video ya kuuza, na kwamba wakitaka tuache tutaacha. Wakili angeiona changa, lakini mzee wa kijiji aliitia sahihi, chifu akaigonga muhuri, na kila mtu aliyekuwepo alisomewa kwa sauti. Anayetaka kufanya kazi ya namna hii asiogope karatasi hiyo. Aogope kuifanya kazi bila karatasi, kwa sababu siku video itakaposambaa, na itasambaa, hakuna atakayekumbuka mlikubaliana nini kwa mdomo.

Kuhusu lugha, tulijaribu njia tatu. Kutamba kwa Kiswahili pekee kuliwafanya wazee wawe wageni kwao. Kutamba kwa Dholuo pekee kuliwaacha nje Waluhya, Wakisii na Wahindi waliotoka mjini. Tulichokubaliana nacho ni kwamba Dani asimulie kwa Dholuo, sentensi mbili tatu, nami nisimame nyuma ya bega lake niseme kwa Kiswahili, bila kuigiza, bila kuongeza, na nyimbo zisitafsiriwe. Mwanzoni nilihofu kwamba hadithi itachosha kwa kusemwa mara mbili. Kinyume chake, hadhira hupata muda wa kumtazama usoni wakati mimi ninazungumza, na huko usoni kuna hadithi ya tatu.

Mara ya kwanza tuliyofanya hivyo walikuja watu 38, waliolipa shilingi 700 kila mmoja pamoja na usafiri. Hatukuwatembeza. Waliketi kwenye mikeka na viti vya kuazima kutoka msikitini na kanisani, ubavu kwa upepo, ziwa likiwa mkono wa kushoto, na ilikuwa saa 9 alasiri. Dani alisimulia karamu, akasimulia mlango, akasimulia maji ya moto aliyochemshiwa yule mgeni aoge, jambo ambalo katika miaka yangu yote sikuwahi kulisikia likielezwa kwa urefu huo: nani aliteka maji, chungu kilikuwa cha nani, kuni zilikuwa mbichi. Kisha akafika kwenye mvua. Alisema kwamba mvua ilianza. Nilitafsiri, nikangoja sentensi inayofuata. Hakuisema. Aligeuza kichwa kuelekea majini, akabaki hivyo, na watu wote 38 wakageuza vichwa vyao pia, nami sikuwa na la kutafsiri.

Dereva wa matatu ndiye aliyekivunja kile kimya kwa honi, kwa sababu wingu jeusi lilikuwa limejikusanya upande wa ghuba na alitaka tuwe tumefika kwenye lami kabla halijamwagika. Tulikunja mikeka mbio. Binamu yangu alimkabidhi Dani bahasha ya thuluthi yao mbele ya mzee wa kijiji. Dani aliifungua hapohapo, akamwambia mjukuu wake azihesabu noti kwa sauti mara mbili, akatoa shilingi 200 akampa kijana aliyembebea kiti, na kuniuliza kama mara nyingine ninaweza kuja na sukari ya kilo mbili, kwa kuwa ile ya kilo moja huisha kabla sijarudi.